Trekta Isiyoweza Kupinduka

"Nilikuwa navua samaki," alisema Virgil Tackett.

"Jana ulimwambia Sherifu ulikuwa mjini kununua kamba za kufungia nyasi."

"Nilinunua kamba, halafu nikaenda kuvua."

"Wapi?"

"Kijitoni."

"Kijito kimekauka, Virgil. Ng'ombe wanalala humo."

Virgil aliangalia viatu vyake. Naibu Sherifu Marlys Oltmann alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akayafumbua tena. Mtu wake alikuwa palepale nyuma ya nondo, kibarua wa makamo kutoka Missouri, masikio makubwa, sura ya mtu asiyeweza kumdanganya hata mbwa, na bado anang'ang'ania kudanganya.

"Sikiliza, kaka. Leo jioni Sherifu Meints anapeleka jalada kwa mwendesha mashtaka, na juu yake imeandikwa mauaji. Hapa hatuzungumzii kuku aliyepotea. Utazeekea gerezani. Ulikuwa wapi wakati mzee anakufa?"

"Navua."

Marlys alipiga nondo kwa kiganja mpaka mkono ukamuuma. Alikuwa amerudi asubuhi hiyo tu kutoka mahakamani Des Moines, akakuta kesi imeshapikwa na kupakuliwa. Enno Harberts, mkulima mzee na mwajiri wa Virgil, alikutwa Jumatatu amelaliwa na trekta yake mtaroni, mbele ya shamba lake mwenyewe. Kisogoni alikuwa na jeraha refu. Ndani ya pikapu ya Virgil ikakutwa spana kubwa ya kuvunja mgongo wa fahali. Virgil akaulizwa alikuwa wapi, akaanza hadithi zake. Lakini lililomtia ndani hasa halikuwa spana wala uongo. Trekta ya Enno ilikuwa na ekseli pana ya mbele, magurudumu yameachana, na trekta yenye ekseli pana haipinduki. Wilaya nzima ilisema hivyo, kinyozi, mchungaji na Sherifu, kwa sauti ileile ya kusema Amina. Kwa hiyo ikiwa trekta haiwezi kupinduka yenyewe, kuna mtu aliyempiga mzee kisha akaisukumia juu yake. Marlys alikuwa amesikia wimbo huo mara nyingi tangu asubuhi kiasi kwamba angemsikia mtu mwingine akiuimba angemtia pingu.

"Na hii spana?" aliuliza.

"Si yangu."

"Ilikuwa garini mwako."

"Nilipewa niirudishe kwa mwenyewe, nikasahau."

"Mwenyewe nani?"

Virgil akarudi kutazama viatu vyake.

"Virgil!"

"Siwezi kumtaja, afande. Jina lake halitajwi nyumba ile. Mzee alisema akisikia nimekanyaga kwake, nifunge virago."

"Mzee amekufa, Virgil. Nani atakufukuza?"

Virgil alifikiri sana jambo hilo, akaonekana kushangaa kweli. Lakini Marlys hakumsubiri. Kila mtu alijua jina lisilotajwa nyumbani kwa Harberts. Alichukua spana, akatoka.

*

Mwenye jina alikuwa mtaroni mwa Enno, juu ya trekta, anakata nyasi.

Marlys alisimamisha gari katikati ya barabara ya kokoto, akashuka bila kufunga mlango. Mtaro wote, kutoka sanduku la barua hadi kwenye daraja, ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha kuruti. Nyasi zilikuwa zimekusanywa, chupa tupu zimeokotwa, hata nguzo za uzio zimepigwa rangi.

"Mzee Folkert! Zima hiyo mashine! Nani amekuruhusu kukata hapa?"

Folkert Eilers alizima, akavua kofia. "Mazishi ni kesho, binti Oltmann. Watu watapita na magari. Unataka waone mtaro wa Enno umekatwa nusu?"

"Hapa ni mahali pa uhalifu!"

"Hapa ni mtaro. Na Enno hakuwahi kuacha mtaro nusu."

"Wewe na Enno hamkusemezana tangu mgombanie lile bomba la maji la mpakani. Mimi nilikuwa shule ya msingi."

"Kusemezana ni kitu kimoja," alisema Folkert. "Nyasi ni kitu kingine."

"Trekta yenyewe iko wapi?"

"Tumeirudisha bandani. Tumeiosha."

"Mmeiosha."

"Ilikuwa na damu, binti. Mkewe Tena aione damu ya mumewe?"

"Nani aliwaambia muoshe ushahidi?"

"Hatukuosha ushahidi. Tumeosha trekta."

Marlys alimgeuzia mgongo kwa sababu angesema neno ambalo mama yake angelisikia kabla ya jua kuzama. Hivyo ndivyo walivyo. Mtu akifa, majirani wanamaliza kazi yake, wanapika, wanaosha, wanafagia, na polisi wanakuja kupiga picha za usafi. Ndipo akaona kipande kimoja kwenye mteremko ambacho hakikuguswa, ukubwa wa kitanda, nyasi zimelala, udongo umechimbika.

"Hapo alilala Enno," alisema Folkert nyuma yake, sauti imeshuka. "Hapo hapakatwi mpaka azikwe."

Marlys alichuchumaa. Mvua ya Jumapili ilikuwa imelainisha udongo, na alama za matairi zilikuwa bado zinasomeka. Mbili nene zenye meno, za magurudumu ya nyuma. Mbili nyembamba, za mbele. Upande wa juu wa mteremko, tairi nene lilikuwa limepanda kichuguu kilichochimbwa na fuko, likakisaga nusu. Baada ya hapo hapakuwa na alama, ila udongo uliofumuka.

Jambo moja lilimkera. Alama nyembamba zilikuwa nje ya zile nene.

"Trekta ngapi zimepita hapa?"

"Moja. Sisi tulivuta kwa mnyororo tukiwa barabarani. Sherifu wako anasema ni mbili. Anasema Virgil alikuja na trekta nyingine akaisukuma ya Enno."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi? Ekseli pana haipinduki."

"Mzee Folkert, nakuomba. Usiseme tena hilo neno mbele yangu leo."

Alichomoa kipande cha kamba kwenye uzio, akapima upana wa alama nyembamba, akafunga fundo. Akapima zile nene, akafunga fundo jingine. Kisha akaleta spana kutoka garini.

"Hee!" Folkert akaipokea kwa mikono miwili. "Nimeitafuta hii! Wendell, kijana wa Enno, aliiazima kwangu majira ya kuchipua. Alikuja kwa mlango wa nyuma, baba yake asijue."

"Alitaka kufanyia nini?"

"Sikumuuliza. Kijana amekuja kunisemesha, mimi nianze kumhoji? Alisema Virgil ataileta. Na Virgil kaja Jumatatu asubuhi kuomba kazi kwangu, kakaa, kanywa kahawa, kala keki, kaondoka. Spana hakuleta."

"Virgil alikuwa kwako Jumatatu asubuhi?"

"Mpaka karibu na chakula cha mchana."

"Na hukumwambia Sherifu?"

"Aliniuliza kama nilimwona Virgil *hapa*. Hapa sikumwona."

Marlys alichukua spana yake, akaenda zake. Kuomba kazi kwa adui wa mwajiri wako ni aibu, lakini mtu kukubali kufungwa maisha kwa ajili ya aibu hiyo, alifikiri, ni ujinga wa kiwango cha juu kabisa. Na hata hivyo haikutosha. Meints angesema Virgil alitoka kwa Folkert akaenda moja kwa moja mtaroni.

*

Jikoni kwa Tena Harberts hapakuwa na pa kuweka kiwiko. Mabakuli ya tambi na kuku, viazi vya jibini, keki za aina zote, kila bakuli na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Mjane alikuwa ameketi katikati yake, mdogo, wima, nywele zimebanwa. Alitia jiwe la sukari kwenye kikombe, akamimina chai nyeusi mpaka jiwe likalia, akadondosha krimu juu bila kukoroga.

"Kunywa, mwanangu. Umekonda. Des Moines hawakupi chakula?"

"Wananipa, Mama Tena. Pole sana."

"Enno hakuwa na adui," alisema Tena. "Ila Folkert. Na huyo naye ni jirani."

"Trekta ilikuwa na tatizo lolote? Breki? Usukani?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsumbua Wendell kuhusu ekseli ya zamani ya trekta hii, yenye magurudumu mawili ya mbele yaliyobanana kama miguu ya kuku. Kaka yangu alikufa juu ya trekta ya namna hiyo. Wendell akamfungia baba yake ekseli pana, zawadi ya Krismasi. Akahangaika nayo mwezi mzima." Akatabasamu kidogo. "Enno alikuwa na maneno yake. Jumapili hiyo ya mwisho aliniambia, 'Tena, siku hizi inayumba kama ng'ombe mwenye mimba.' Nikamwambia nyamaza, mtoto asikusikie. Utamvunja moyo."

Kikombe cha Marlys kilisimama njiani.

"Alisema inayumba? Ulimwambia Sherifu?"

"Hakuniuliza. Halafu iyumbe, isiyumbe, si ina ekseli pana?"

Marlys alikiweka kikombe chini taratibu sana, kwa sababu kilikuwa cha urithi. "Sasa iko wapi?"

"Bandani mwa farasi. Zamani ililala nje chini ya turubai, ule mlango ulijengwa kwa ajili ya farasi, haikuenea. Turubai likipigwa na upepo usiku kucha, silali. Wendell akaifanya ienee."

"Aliifanyaje?"

"Mimi najua mambo ya mashine? Muulize mwenyewe, huyo anakuja."

Gari la Sherifu lilikuwa linaingia uani. Wendell Harberts aliruka kabla halijasimama, mtu mkubwa, macho mekundu, sauti imekwisha kwa kupiga kelele siku mbili.

"Bado unazunguka tu, Marlys?" alifoka kutoka barazani. "Mnamlisha yule muuaji, baba yangu yuko kwenye jeneza! Unataka nini zaidi?"

"Nataka jeki," alisema Marlys. "Na mama akumiminie chai, njoo nayo."

*

Banda la farasi lilikuwa na harufu ya nyasi kavu na oili. Trekta ilisimama ndani, safi, inang'aa kama imepelekwa kwenye maonyesho. Bati la kinga juu ya tairi la nyuma lilikuwa limekunjwa ndani, na ukingo wake ulikuwa umenyooka, mrefu.

"Gaylen," alisema Marlys, "daktari alisema jeraha la mzee likoje?"

Sherifu Meints alishusha pumzi kwa subira ya mtu aliyekwisha kuamua. "Refu. Limenyooka."

"Kichwa cha spana ni cha duara. Tazama ukingo wa bati hilo."

"Marlys, trekta ikimwangukia mtu ataumizwa na bati. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni nani aliyeiangusha. Hii ina—"

"Usiseme."

"—ekseli pana."

Marlys aliweka kikombe cha chai cha Wendell juu ya boneti, katikati. Akaingiza jeki chini ya ekseli ya mbele, karibu na gurudumu la kushoto, akaanza kupampu. Gurudumu likaacha sakafu. Likapanda shubiri nzima.

"Tazameni chai," alisema.

Wakaitazama. Krimu ilikuwa bado imetulia juu yake.

"Gurudumu limepanda, trekta haina habari," alisema Marlys. "Mnajua kwa nini? Kwa sababu ekseli nzima imening'inia kwenye pini moja tu, hapa katikati, kama pembea ya ubao ya watoto. Upande huu ukipanda, ule unashuka, na mwili wa trekta umekaa vilevile. Ndiyo maana haikuchoshi shambani. Lakini ndiyo maana haikushikilii pia! Iwe finyu, iwe pana, trekta imesimama kwenye nukta tatu, pini hii na magurudumu mawili ya nyuma. Mpaka ekseli igonge kizuizi chake, na ikigonga, uzito umeshaondoka, unaenda chini nawe. Wilaya nzima ina wakulima, nzima, na hakuna aliyewahi kuinama akatazama pini!"

Meints aliinama akaitazama pini.

Marlys alishusha jeki, akaivuta mpaka nyuma, akaiweka chini ya ekseli ya nyuma, upande wa kushoto. Alipampu kwa nguvu za hasira yake ya tangu asubuhi. Tairi halikuwa limepanda hata upana wa vidole vitatu, kikombe kikateleza, kikapiga bomba la moshi, chai ikamwagika juu ya boneti.

"Fuko alichimba kichuguu mtaroni," alisema akihema. "Tairi la nyuma la upande wa juu lilikipanda. Nimeona alama."

"Vichuguu viko kila mahali," alisema Wendell. "Baba amekata ule mtaro maisha yake yote. Na kwa ile ekseli ya zamani, iliyobanana! Haikumwangusha. Kwa nini hii?"

Hilo ndilo swali Marlys aliloliogopa. Alishusha jeki, akatoa kamba mfukoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na haraka. Akamwomba Meints ashike ncha. Fundo la alama nyembamba lililingana na magurudumu ya mbele. Fundo la alama nene, fupi zaidi, lililingana na ya nyuma.

"Hapakuwa na trekta ya pili, Gaylen. Ni hii hii. Nyuma imebanwa kuliko mbele."

Meints alivua kofia, akajikuna. Magurudumu ya nyuma ya trekta za mahindi husogezwa kwenye ekseli, nje au ndani, kadiri ya kazi. Kila aliyekuwa bandani mle aliwahi kuyasogeza tangu akiwa kijana. Ncha mbili za ekseli zilikuwa zimechomoza nje ya magurudumu kama viwiko. Zote zilikuwa na kutu, isipokuwa mahali pamoja kila upande, karibu na mwisho, palipong'aa. Hapo ndipo magurudumu yalipokaa miaka yote. Na viwiko vile vikipita kwenye mlango wa farasi, kila upande hubaki nafasi ya kiganja tu; magurudumu yangekaa pale pa zamani, yasingepita.

Wendell alitazama ncha inayong'aa. Kisha akatazama mlango. Marlys aliona jambo lile likimwingia, na akatamani angekuwa bado anafokewa.

"Mama hakuwa analala," alisema Wendell. "Lile turubai."

"Najua."

"Nilijua ukisogeza ndani inakuwa nyepesi kupinduka. Kila mtu anajua. Lakini nikasema... nikasema mbele nimeshaweka pana. Nikasema hata nyuma nikibana, mbele itaishika." Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Folkert aliniambia niazime tu, nirudishe wakati wowote. Nikampa Virgil spana."

Meints alikohoa. "Wendell, hakuna mtu atakayekushtaki kwa—"

"Nyamaza, Gaylen," alisema Marlys.

Wendell aliinua uso. "Alijua? Baba aliwahi kusema inayumba? Mama alikwambia chochote?"

Mlangoni, kati ya zile nguzo mbili, Tena alikuwa amesimama na birika. Haikujulikana amekuwa pale tangu lini. Alimtazama Marlys, na Marlys akamtazama. Tangu asubuhi alikuwa amewagombeza watu wa wilaya hii kwa kumeza maneno. Virgil kwa aibu yake, Folkert kwa kiburi chake, huyu mama kwa huruma yake. Kila mmoja angefungua kinywa kwa wakati, pengine Enno angekuwa anakata nyasi.

"Hapana," alisema Marlys. "Aliipenda. Hakusema kitu."

Wendell aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Kisha akasimama, akaokota kikombe kilichoanguka, akakifuta kwa shati, akamrudishia mama yake mkononi.

"Nipe funguo za selo, Gaylen," alisema. "Virgil naenda kumtoa mimi."